Idara ya Upunguzaji wa Elimu

Usihangaike kufungua ramani. Jamhuri ya Nderemo haimo, na hata ingekuwamo usingefika, kwa maana uwanja wake wa ndege umezinduliwa mara nyingi kuliko ndege zilizowahi kutua hapo. Ni nchi ya watu wachangamfu. Kisima kikichimbwa, hupiga vigelegele. Kisima kikikauka, waziri huja kueleza sababu, na watu hupiga vigelegele kwa kuwa waziri amekuja. Mimi nasimulia nilivyosikia tu, sina ugomvi na serikali ya mtu.

Katika nchi hiyo aliishi binti mmoja, Siwema Lugongo, ambaye alifanya kosa la kusoma kemia. Alisoma shahada ya kwanza, akafaulu. Badala ya kutosheka kama watu wenye adabu, akaongeza ya pili, ya uzamili, akafaulu tena na kupewa zawadi ya kamusi. Aliijua kemia kama mpishi wa pilau anavyovijua viungo vyake. Akinusa tu, anakwambia kilichomo.

Siku ya kuhitimu, chuo kilimwalika mtaalamu wa ajira aje kuwaeleza vijana matarajio yao. Mtaalamu alipanda jukwaani ndani ya suti iliyombana kwapa, akatoa sauti nzito.

"Mwenye shahada ya uzamili ya kemia hana shida duniani! Viwanda vya dawa vinamngoja! Maabara zinamngoja! Rangi, mafuta, mbolea, vipodozi, vyote vimekaa mlangoni vinamngoja yeye!"

Watu wakashangilia. Siwema akanyoosha mkono, akauliza hivyo viwanda viko wapi.

"Swali zuri sana hilo, dada yangu. Vitajengwa na ninyi. Jiajirini! Mtaji mnao vichwani!"

Kisha akaingia kwenye gari la serikali akaondoka, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kujiajiri hata kwa kuuza karanga.

Basi Siwema akazunguka. Kiwanda cha sabuni kikamwambia hapana, umesoma mno, utaanza kutuuliza tunachotia humu. Mamlaka ya maji ikamwambia hapana, meneja wetu ana cheti cha cherehani, ukija wewe utamvunjia heshima. Hospitalini wakamwambia maabara ipo, nzuri tu, ila ufunguo ameondoka nao mtu aliyestaafu. Mwisho akaenda kwenye duka la dawa za mifugo lililotaka mtu wa kidato cha nne, naye akasema ana kidato cha nne basi. Mwenye duka akamkazia macho.

"Dada, mimi na wewe tusidanganyane. Macho yako yamesoma. Siwezi."

Nyumbani alikuwa na mama yake, Bi Mwajabu. Huyu mama alimsomesha mwanawe kwa maandazi, na maandazi yenyewe aliyakaanga kwa kuni, kila alfajiri, moshi ukimwingia kifuani mpaka kifua kikaingia pumu. Daktari alikwisha kusema bila kupepesa: akiendelea na moshi huu, atakufa. Kwa hiyo Siwema hakuwa akitafuta kazi ya fahari wala ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Alitafuta kazi yoyote ile, amtoe mama yake jikoni angali hai.

*

Asubuhi moja redio ikatangaza neema. Waziri wa Ajira, Usafi na Matumaini, Mheshimiwa Dakta Dakta Ngwengwe, alikuwa na neno kwa wasomi. Usishangae kusikia Dakta mara mbili. Alitunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu viwili, na vyote viwili alivisajili mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenye chuki wanasema nchi yetu haina kazi. Uongo! Kazi zipo tele. Tatizo ni wasomi wetu. Wamekuwa warefu kuliko kazi zetu. Sasa nawauliza: mgeni mrefu akija nyumbani kwako, utabomoa dari, au utamwambia ainame?"

"Ainameee!" umati wa mkutanoni ukaitikia.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Upunguzaji wa Elimu. Ilipewa jengo zuri lililokuwa maabara kuu ya taifa, ambalo halikuwa na kazi nyingine. Siwema akaenda. Alipokewa na mkurugenzi mwenyewe, Bwana Kipapi, mtu mpole wa kunenepa taratibu, mwenye feni mbili zinazomtazama.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba, binti. Karibu, keti. Unazo ngapi?"

"Mbili."

"Mbili! Maskini, pole sana. Zilikuanza lini?"

"Ya kwanza ilikuwa…"

"Basi, basi, usijichoshe. Nyumbani kuna mwingine mwenye tatizo hili?"

"Hapana. Mama yangu aliishia darasa la nne."

"Alhamdulillahi! Basi si la ukoo. Hili linatibika."

Bwana Kipapi akamweleza kwa upole mambo yalivyo. Akipunguzwa mpaka kidato cha nne, iko nafasi kwenye kiwanda cha sabuni, ya kubandika lebo. Kazi ya kudumu. Ina bima ya matibabu, na mama mzazi anaingia kwenye bima hiyo hiyo. Siwema aliposikia neno bima, aliona jiko la kuni limezimwa na mama yake amekaa kibarazani akipumua kama watu wengine.

"Mtihani wetu ni mmoja tu," Bwana Kipapi akaendelea. "Mwisho wa kozi tutakuweka mbele ya watu, jambo litafanyika machoni pako, nawe utakaa kimya. Ukionyesha kwamba unajua lolote, umefeli. Na kwetu hapa, mwanangu, harudii mtu."

*

Kozi ilikuwa ngumu, nisiwafiche. Kujifunza kila mtu anaweza. Kusahau kunataka moyo. Darasani walikuwamo wakemia watupu, maana hao ndio walioathirika zaidi, na mbele kabisa alikaa Dakta Mlawila, bwana mwenye shahada ya uzamivu, aliyekuja na tai. Mwalimu wao alikuwa kijana wa chama asiye na maneno mengi.

"Maji ni nini?"

"Ni haidrojeni na oksij…" Siwema akaponyokwa.

"Simama kwa mguu mmoja! Dakta Mlawila, maji ni nini?"

"Maji ni ahadi ya serikali," Dakta Mlawila akajibu, tai imenyooka.

"Vizuri sana! Asidi ni nini?"

"Siijui, mwalimu, ila naiunga mkono."

Darasa likampigia makofi. Siwema naye akajifunza. Akawa kila likimjia neno la kemia analimeza, linashuka kwa shida kama kidonge kisicho na maji. Lakini usahaulifu wenyewe haukuja. Alichojifunza ni kunyamaza tu, na kumbe idara haikuhitaji zaidi ya hapo.

Bi Mwajabu alipoambiwa kozi ile ni ya nini, aliushusha mwiko.

"Hebu rudia. Nimeungua mikono miaka yote ili ujue, sasa unaamka asubuhi kwenda kusomea kutojua?"

"Ni kwa ajili ya kifua chako, mama."

"Kifua changu kimekutuma?"

"Mama, utakufa!"

"Nitakufa, ndiyo. Wewe ulidhani nitafanywaje? Lakini niliwaambia watu wa mtaa huu kwamba mwanangu anajua. Sasa niwaambieje, kwamba alijua akaacha?" Akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Siwema akamsugua mgongo, na kesho yake asubuhi akaenda kozini kama kawaida.

*

Siku ya mtihani ikafika. Ulifanyika Ukumbi wa Fahari, pamoja na uzinduzi, kwa sababu Nderemo hakuna linalofanyika bila kuzinduliwa. Kila mtahiniwa aliamriwa aje na mzazi awe shahidi. Watahiniwa waliketi mstari wa mbele ili Bwana Kipapi azione nyuso zao. Bi Mwajabu alikaa nyuma karibu na mlango, amejifunga khanga yake mpya, amenuna.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nchi ile. Mkubwa anapoanza kuhutubia, milango hufungwa kwa nje kwa komeo, na haifunguliwi mpaka aketi. Ilianza zamani, baada ya waziri mmoja kuinua uso kutoka kwenye hotuba yake na kukuta amebaki na mpiga picha. Tangu hapo kila mlango umetobolewa tundu dogo, na bawabu huchungulia humo kutazama jambo moja tu: mkubwa amesimama, au ameketi? Akiwa amesimama, hata ukumbi uwake moto, komeo halisogei. Na madirisha ya Ukumbi wa Fahari yalikwisha kupigiliwa misumari, kwa kuwa kulikuwa na watu nje waliokuwa wakichungulia bila mwaliko.

Mheshimiwa Dakta Dakta Ngwengwe akasimama. Makomeo yakalia. Mbele yake paliwekwa beseni kubwa jeupe na madumu mawili.

"Mataifa makubwa," akaanza, "yanatuuzia dawa za kuua vijidudu kwa kiburi! Nikajiuliza kitandani: hii ya kung'arishia nguo nyeupe, si inaua vijidudu? Inaua! Na hii ya kusafishia vyoo, si inaua? Inaua! Basi kwa nini zikae kila moja peke yake kama watu waliogombana? Ndugu zangu, leo nazifungisha ndoa! Kuanzia leo kila nyumba ya Nderemo itapewa chupa mbili, ichanganye yenyewe. Kauli mbiu yetu ni Changanya, Tushinde!"

"Tushindeee!"

Siwema alijua. Mstari wote wa mbele ulijua! Jambo lile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa siku ya kwanza kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Akatazama kulia: mabibi na mabwana wenye shahada zao wanatazama dari. Akatazama kushoto: Dakta Mlawila anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Hakuna aliyefungua mdomo. Wengine husema tusiwalaumu, njaa ni mbaya. Haya, mimi siwalaumu. Nawadharau tu.

Na Siwema je? Siwema naye alinyamaza, tusimpambe. Aliikumbuka ile bima. Alijiambia labda atamimina kidogo, labda hotuba ni fupi, ingawa hotuba fupi hakuna aliyewahi kuisikia katika nchi ile.

Waziri akainua dumu la kwanza, akamimina. Akainua la pili, akamimina lote. Beseni likachemka bila moto, na juu yake ukainuka moshi mzito wa manjano uliochanganyika na kijani, ukaanza kutambaa jukwaani na kumwagikia mstari wa mbele.

"Mnaona!" Waziri akapaza sauti. "Hata moshi wake una rangi za bendera yetu!"

Watu wakaanza kutokwa machozi. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Wananchi wanalia kwa furaha! Mheshimiwa, wanalia!" Waziri akaguswa moyo, akakohoa, akafungua ukurasa wa pili wa hotuba. Dakta Mlawila alikuwa akikohoa mpaka tai imehamia mgongoni, na huku anapiga makofi.

Siwema akageuka nyuma. Mama yake alikuwa ameshika kifua kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anapiga mlango. Midomo yake imeanza kubadilika rangi. Kifua kile kile ambacho binti alikuwa akinyamaza ili akiponye, kilikuwa kinakufa mbele yake kwa sababu amenyamaza.

"Tokeni nje!" Siwema akapiga kelele. "Hiyo ni sumu! Mama, ziba pua kwa khanga! Tokeni!"

"Amekumbuka!" Bwana Kipapi akaruka juu, machozi yakimtiririka. "Mashahidi mpo! Huyu amekumbuka!"

Watu wakakimbilia milangoni, wakasukuma, wakapiga teke. Bawabu nje akachungulia kwenye tundu. Mheshimiwa amesimama. Akaendelea kutafuna muwa wake.

Siwema akaelewa. Akajifunga mtandio puani, akapanda jukwaani ndani ya ule moshi, akamshika Waziri mabega.

"Mheshimiwa, keti!"

"Sijamaliza, nina… kho… nina kurasa…"

"Keti, nimesema!"

Akamkandamiza. Waziri alikuwa mzito, lakini magoti yalikwisha kulegea kwa kikohozi, akateremka kitini puu, kurasa zikatawanyika. Bawabu akaona mkubwa ameketi. Akatupa muwa, akavuta komeo, wenzake wa milango mingine nao wakavuta, na milango yote ikafunguka. Watu wakamwagika nje, na wengine, kwa mazoea, wakatoka wakipiga vigelegele. Hata Waziri alibebwa na walinzi wake akiwa bado kitini.

Siwema akambeba mama yake mgongoni. Hakumlaza chini kivulini walikolazwa wengine. Alijua hewa ile ni nzito na hutambaa chini, kwa hiyo akapanda naye ngazi za jengo la posta mpaka juu kabisa, penye upepo, akamkalisha hapo na kumhesabia pumzi kwa kumpapasa mgongo. Bi Mwajabu alifumbua macho baada ya muda mrefu. Alimshika mwanawe sikio, akalivuta kidogo, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba wananchi walibubujikwa na machozi ya furaha kwenye uzinduzi. Waziri alipelekwa ng'ambo kutibiwa uchovu wa mafanikio. Siwema akapelekwa mahakamani kwa makosa mawili: kumketisha Waziri kabla hajamaliza, na kukumbuka hadharani.

Serikali ilileta mtaalamu wake. Ni nani? Dakta Mlawila, na cheti chake kipya cha kusahau kifuani.

"Shahidi, ulinusa chochote ukumbini?"

"Sikunusa… kho, kho… sikunusa chochote."

"Mbona unakohoa?"

"Ni uzalendo, mheshimiwa hakimu."

Hakimu akaandika. Akaamua kwamba hewa ya ukumbini ilikuwa salama kabisa mpaka mshitakiwa alipopiga kelele, na kwamba kilichowakohoza watu ni zile kelele. Kisha akavua miwani, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma.

"Binti, sheria inaniruhusu kukufunga. Lakini nikikufunga, huko gerezani utawafundisha wenzako, na itakuwa hasara juu ya hasara. Kwa hiyo mahakama inaamuru uachiwe shahada zako zote mbili, kamili, bila kupunguzwa hata neno, na uishi nazo ndani ya Jamhuri ya Nderemo mpaka siku ya kufa kwako."

"Lo!" mzee mmoja akaguna nyuma. "Hiyo kali."

Wakatoka nje, mama na mwana, wanakwenda polepole kwa sababu ya kile kifua, ambacho sasa kilikuwa kikipiga mluzi kila hatua. Siwema alikuwa akilia waziwazi.

"Nisamehe, mama. Kazi ndiyo imekwenda. Na bima imekwenda. Utarudi kwenye moshi."

"Kazi gani? Ya kubandika lebo? Nyoo!" Bi Mwajabu akasimama kuvuta pumzi. "Hebu niambie. Ile hewa inaitwaje?"

Siwema akamtazama. Tangu alipohitimu alikwisha kuulizwa umri, dini, kabila, na kama ana mpango wa kuolewa. Katika Jamhuri nzima hakuna aliyewahi kumuuliza swali la kemia akitaka jibu.

"Klorini, mama."

"Na imetoka wapi, wakati kila dumu peke yake halina moshi?"

Akamweleza huku wakitembea, kwanza kwa kusitasita, halafu kama maji yaliyofunguliwa. Walipofika kona ya sokoni wakakuta lori la wizara limeegeshwa. Vijana wenye fulana za Changanya, Tushinde wanagawa chupa mbili mbili, na foleni ya wanawake imezunguka soko, wengine na watoto mgongoni. Polisi mmoja alikuwa ameegemea lori akinywa chai.

"Bi Mwajabu!" jirani mmoja akaita. "Njoo upange foleni, ni za bure!"

"Za bure eeh?" Bi Mwajabu akamshika Siwema mkono, akamvuta mpaka katikati ya watu. "Jamani, hebu nisikilizeni. Huyu ni mwanangu, amesoma haya mambo, mahakama imemthibitisha leo hii. Siwema, waambie wenzangu, mtu akivichanganya hivi nyumbani, kunatokea nini?"

Polisi akaweka kikombe chini, akasimama wima. Siwema alimwona. Hata hivyo akaanza kusema, na wanawake wa mbele wakazishusha chupa zao chini, mmoja mmoja, wakisogea kumsikiliza. Polisi akaanza kuja.

"Pandisha sauti, mwanangu," Bi Mwajabu akasema, akasimama mbele yake, kumkinga na polisi, na kile kifua chake. "Wa nyuma hawajasikia."